Mkono Nyuma ya Keria

Zaburi ya 121 ni zaburi ya watu walio safarini. Mwimbaji anainua macho kuitazama milima, kisha anauliza msaada wake utatoka wapi. Wengi tunaisoma kwa haraka, kana kwamba milima yenyewe ndiyo jibu. Ukiisoma taratibu utaona kwamba mlima haujibu neno. Jibu liko katika mstari unaofuata, nalo linamtaja Yeye aliyezifanya mbingu na nchi. Mlima umetazamwa tu.

Mtu wa Chonyonyo ana sababu ya kuielewa tofauti hiyo. Sisi tunakaa juu. Asubuhi za kiangazi ukisimama mlangoni unaona ukungu umelala mabondeni kama pamba, na vilele vya milima vimetokeza juu yake, kimoja nyuma ya kingine, mpaka macho yachoke. Mgeni akifika hutoa simu apige picha. Lakini maji yako chini. Wenye uwezo wamejenga matangi ya kuvuna maji ya mvua, na matangi yakikauka inabaki safari ya bondeni na madumu ya manjano. Kwa hiyo tangu utotoni tunajua kwamba mlima unaweza kuwa mzuri sana na usikupe hata kikombe cha maji.

Nayasema haya kwa sababu ya safari tuliyoifanya kiangazi cha mwaka 2018. Tulikuwa watu 15: wasichana 5 na wavulana 8 wa umoja wa vijana wa mtaa wetu, mwinjilisti wetu, na mimi niliyekuwa mlezi wao. Tulisafiri kwa baiskeli kutoka Chonyonyo mpaka Murongo, wilayani Kyerwa, pale Mto Kagera unapotutenga na Uganda. Siku tatu za kwenda, Jumapili moja ya kupumzika na kusali na wenyeji, na siku tatu za kurudi.

Wazo lilikuwa la vijana wenyewe. Walikuwa wamewaona wazungu wakipita na baiskeli zao zenye mifuko kila upande. Kijana mmoja akasema katika kikao, "Hawa wanatoka mbali kuja kuitazama nchi yetu kwa baiskeli. Sisi wenye baiskeli hatujawahi kuitazama." Tulipolifikisha jambo hilo kwa wazee wa kanisa, mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sawa. Na mnapeleka nini?" Tukamwambia hatupeleki kitu, tunakwenda kuona kazi ya Mungu na kusali njiani. Akatikisa kichwa. "Baiskeli iende Murongo bila mzigo?"

Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na maana. Huku kwetu baiskeli ni mgongo wa pili wa mtu. Inabeba mkungu wa ndizi, gunia la kahawa, madumu ya maji, bati za kuezekea na watoto wa shule. Inabeba mgonjwa, na pengine jeneza. Keria yake imeshika mambo mengi kuliko mikono yetu. Kuipanda mtu kwa ajili ya kutazama tu, hilo lilikuwa jambo geni.

Tulianza safari kwa kushuka. Kutoka kwetu kwenda barabara kubwa kuna mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na kutoka pale unaliona bonde lote. Vijana waliachia breki wakashangilia. Mimi nilishuka nikaisukuma baiskeli yangu kwa mguu, na sababu yake naieleza hapa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1991, nilipokuwa na miaka tisa, mama yangu alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Gari halikuwepo. Baba aliita majirani, wakaja wanaume wanne na baiskeli moja. Walikunja blanketi juu ya keria wakamkalisha mama. Mmoja alishika usukani, wawili wakamshikilia pembeni, mmoja akatangulia na taa, na baba akakaa nyuma, mkono wake umeshika keria. Nilisikia sauti zao zikishuka mpaka zikapotea kwenye mvua. Alfajiri nilikuwa nimesimama juu ya mteremko ule ule. Mvua ilikuwa imekatika, bonde limejaa ukungu, jua linatoka, na kila kitu kinang'aa. Nikawaona wanapanda. Walikuwa wale wale watano na baiskeli ile ile, na mama amefunikwa. Hawakuwa wamefika hospitalini. Mtoto pia hakupona.

Kwa miaka mingi niliposikia watu wakimshukuru Mungu kwa mandhari ya Karagwe, nilinyamaza. Kanisani nilipoisikia Zaburi ile nilikuwa na swali langu moja tu: usiku ule macho yaliinuliwa, milima ilikuwepo, msaada ulitoka wapi? Nilipokuwa kijana nilimwuliza baba. Akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mbele yangu sikuona kitu. Lakini wakati wa kupanda nikiwa nasukuma ile keria, kulikuwa na mkono mgongoni mwangu unanisukuma mimi. Sikugeuka kutazama ni wa nani." Hakuniambia zaidi, nami sikumwuliza. Neno lile nililiweka moyoni bila kujua la kulifanyia.

Basi, tukafika Kayanga, tukapita Omurushaka, tukashika barabara ya kwenda Kyerwa. Wakati ule ilikuwa ya vumbi. Kila lori lililopita lilituacha tumebadilika rangi, nyusi nyekundu na meno meupe. Baiskeli zetu zilikuwa Phoenix za kawaida, isipokuwa mbili zenye gia ambazo vijana walipokezana. Kwenye tambarare kila mtu alikuwa bwana wa pedali zake. Kwenye milima tulishuka wote, mwenye gia na asiye na gia, tukasukuma.

Kabla ya Nkwenda, cheni ya binti mmoja ilikatika. Tulikuwa na pampu, viraka na gundi, lakini cheni hatukuwa tumeifikiria. Akaja mwanaume anayeteremka na mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria. Ninyi mnajua kazi ya kuisimamisha baiskeli yenye mikungu mitatu katikati ya mteremko. Aliisimamisha. Akaiegemeza kwenye ukingo wa barabara, akatafuta jiwe na msumari, akaigonga cheni mpaka ikaungana. Alipomaliza tulimuuliza jina ili tumwombee. Akasema, "Nyinyi niombeeni tu, Mungu ananijua," akashika mikungu yake akaenda. Sura yake sikuishika vizuri. Nakumbuka vidole vyake vyenye grisi.

Jioni hiyo wenyeji wa Nkwenda walitupokea kwa kahawa ya kutafuna, halafu ndizi na maharage. Baada ya sala mwinjilisti alitusimulia habari za nchi tuliyokuwa tunaikata. Alitukumbusha kwamba Kyerwa na Karagwe zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, na kabla ya wilaya kulikuwa na ufalme. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mtawala Rumanyika wakiwa wanatafuta chanzo cha Mto Nile. Walivutiwa sana na nchi hii. Waliona ziwa dogo karibu na makao ya mfalme, likamkumbusha Grant ziwa la Uingereza linaloitwa Windermere, wakalipa jina hilo. Kisha Grant akaugua mguu. Speke akaendelea kwenda Buganda, na mwenzake akabaki hapa miezi kadhaa, hawezi kutembea. Alipoondoka mwaka 1862 alikuwa amelazwa kwenye machela, na watu wamembeba.

"Sasa niambieni," mwinjilisti akasema, "Speke na Grant tunawajua kwa majina. Wale waliobeba machela walikuwa akina nani?" Hakuna aliyejibu. "Huenda ni babu zenu," akasema, akatuaga tukalale.

Siku ya pili na ya tatu tulipita Isingiro na Kaisho. Siwezi kuwaeleza vyote tulivyoviona. Kuna mahali milima inasimama kama watu waliopanga foleni, mingine imevaa nyasi tupu za rangi ya dhahabu, mingine migomba kuanzia miguuni hadi kiunoni. Kuna mahali ulikuwa unaona mvua ya mtu mwingine, nguzo moja ya kijivu inatembea upande wa Rwanda ilhali kwenu ni jua kali. Watoto walitukimbilia kila kijiji, na kwenye miinuko walishika keria zetu wakasukuma bila kuombwa, wakicheka, kisha wakarudi kwao. Vijana waliimba. Hata mimi niliimba.

Jumamosi alasiri tuliteremka kuelekea Murongo, na kwenye kona moja mto ukajitokeza. Mtu aliyekulia Chonyonyo akiona maji mengi kiasi kile yanakwenda bila kuisha, lazima anyamaze kidogo. Kagera unakusanya maji ya Burundi na ya Rwanda. Ruvubu na Nyabarongo zinakutana karibu na Rusumo, kisha mto unapanda kaskazini ukiwa mpaka wetu na Rwanda, unageuka mashariki ukiwa mpaka wetu na Uganda, na mwisho unaingia Ziwa Viktoria. Hakuna mto unaoleta maji mengi kuliko huo katika ziwa lile. Binti mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Mungu, maji yote haya." Hakuwa analalamika. Alikuwa anasali.

Tulikuwa tumepanga kwamba kesho yake baada ya ibada tuteremke na ngoma mpaka ukingoni, tuimbe nyimbo za sifa. Bibi mmoja tuliyefikia kwake alisikia mipango hiyo wakati wa chakula. Akaweka sahani chini.

"Wajukuu zangu," alisema, "kuimba mtaimba. Lakini kwanza mjue mnaimbia wapi."

Akatusimulia mwaka 1994. Vijana wetu walikuwa hawajazaliwa. Waliisoma habari ile shuleni kama habari ya nchi jirani: mauaji yaliyoanza Aprili, na watu wapatao 250,000 waliovuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Wengine walivuka kuja Karagwe, na kambi zikafunguliwa huku. Lakini wako ambao hawakuvuka. Mto uliwachukua. Bibi alisema mwanzo walidhani ni magogo. Waliacha kuchota maji, wakaacha kula samaki. Waliokuwa na mitumbwi walijaribu kuvuta ile miili waliyoweza kuifikia, wakaizika. Mingine yote ilipita. Ilikwenda mpaka ziwani, na upande wa Uganda watu wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliiopoa kwa maelfu, wakaizika watu ambao hawakuwajua hata kwa jina.

"Na milima ilikuwa hii hii," bibi akasema. "Na jua lilichwa vizuri tu, kama leo."

Hakuna kijana aliyesema neno. Mimi nilikuwa nimerudi juu ya mteremko wa Chonyonyo, nina miaka tisa, ukungu unang'aa. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mwingine akisema jambo lile.

Ndipo kijana yule aliyetoa wazo la safari akauliza, "Sasa bibi, mto huu tuseme ni mzuri au tusiseme?"

Bibi alifikiri. "Mto ni mzuri," alisema. "Mungu aliufanya mzuri. Lakini wakati ule uzuri wake haukumwokoa mtu. Mume wangu alikwenda na mtumbwi. Hakwenda kwa sababu mto ni mzuri. Alikwenda kwa sababu alisema hawa ni watoto wa mtu."

Jumapili baada ya ibada tulishuka ukingoni bila ngoma. Mwinjilisti alitukumbusha Zaburi ya 137, inayowataja watu walioketi kando ya mito ya ugeni wakashindwa kuimba. Tukakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha bibi mwenyewe, tuliyekuwa tumemshika mkono kwenye mawe, akaanzisha wimbo kwa sauti ya uzee, na sisi tukaitikia. Tuliimba huku wengine wanalia. Sijawahi kusikia sifa nzito namna ile.

Siku tatu za kurudi tulizungumza mambo mengi njiani, na mara kwa mara tulirudi kwenye sura ya 6 ya Wagalatia. Pale Mtume Paulo anatuagiza tubebeane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atauchukua wake mwenyewe. Binti mmoja alisema hilo halimsumbui tena. "Kwenye baiskeli yote mawili ni kweli," alisema. "Pedali zako hakuna atakayekukanyagia. Lakini kwenye mlima mtu akishika keria, unafika." Mwinjilisti alisema amehubiri sura ile miaka mingi na hajawahi kuieleza vizuri kama hivyo.

Jioni ya siku ya saba tulifika chini ya mteremko wetu, ambao sasa ulikuwa mlima. Binti yule wa cheni alikuwa na homa tangu asubuhi. Alisema atatembea, lakini miguu ilikataa. Tukakunja blanketi juu ya keria ya mwinjilisti tukamkalisha. Mwinjilisti akashika usukani, vijana wawili wakamshikilia pembeni, mmoja akatangulia na tochi maana giza lilikuwa linaingia. Nyuma ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Nikashika keria.

Nataka kuwaambia nilichokiona, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Anayesukuma haoni mandhari. Nyuma yangu bonde lote lilikuwa linawaka jua la jioni, vijana walikuwa wanasema tazameni, nami sikuweza kutazama. Niliona chuma cha keria, tairi, kokoto, na mgongo wa yule binti. Naye alikuwa anatazama mbele na hakuniona. Angeulizwa ni nani aliyemsukuma, angesema hajui, amehisi tu baiskeli imekuwa nyepesi.

Nikamwelewa baba. Sisi tunainua macho kuitazama milima mbele, tunangoja msaada utokee kule, tunauona umekawia. Na wakati huo huo kuna mkono umeshika nyuma. Mama yangu hakupona, na sitadai kwamba safari ya wiki moja imenijibu kwa nini. Nitamwuliza Bwana mwenyewe siku moja. Lakini swali la msaada ulitoka wapi usiku ule, hilo nimejibiwa. Ulitoka kwa wanaume wanne walioamka kwenye mvua, na kwa yule aliyewaamsha mioyo yao. Walikuwepo kushuka, na walikuwepo kupanda, ambapo hapakuwa tena na kitu cha kuokoa isipokuwa heshima ya mtu na mume asianguke njiani.

Karibu na juu, nilipokuwa nimekwisha pumzi, nilihisi kiganja mgongoni. Kijana fulani alikuwa ameacha baiskeli yake akaja. Sikugeuka.

Yule binti alipata matibabu akapona kwa wiki moja. Mwaka 2019, serikali ilizipa hadhi ya hifadhi za taifa sehemu mbili za nchi hii, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na nafurahi wageni waje waone tulichokiona. Umoja wa vijana nao ulifanya jambo lake. Kila Jumamosi baiskeli sita zinateremka bondeni kuwachotea maji wajane na wazee wasio na matangi, na Jumapili kuna keria mbili zenye mito ya kukalia kwa ajili ya wasioweza kutembea kuja ibadani. Mzee aliyetuuliza tunapeleka nini ni mmoja wa wanaobebwa. Anasema anapenda kupita pale kwenye kona, kwa sababu akiwa amekaa anapata nafasi ya kulitazama bonde.

Mpendwa msomaji, kama leo uko kwenye mwinuko na mbele huoni kitu, usiache kusukuma. Na kama njia yako leo ni tambarare, tazama kando ya barabara. Huenda kuna mtu ambaye cheni yake imekatika.